UZI: Ghala la benki ya chakula likijaa pomoni, ujue kuna kitu kimekwama

#1 MtuWaGhala

Wakuu, heshima zenu.

Nina mwaka wa tisa kwenye benki ya chakula ya kanda. Nilianza kama mbebaji wa zamu ya usiku, sasa hivi napanga mizigo: nini kinatoka, kinakwenda wapi, kwa gari gani, kabla ya saa ngapi. Kila nikitaja kazi yangu watu huniuliza, "Kwa hiyo mnapika?" Hatupiki. Nimeona nifungue uzi niandike kwa utulivu, maana wengi wanatoa kwa moyo mweupe bila kujua walichotoa kinapita wapi, na wengine wanatulaumu kwa mambo tusiyoyafanya kabisa. Ni mrefu, mnivumilie.

Tuanze na tofauti, kwa sababu hapo ndipo watu huchanganya. Benki ya chakula ya kanda ni ghala. Inapokea mizigo mikubwa kutoka viwandani, mashambani, kwa wauzaji wa jumla na kwenye maduka makubwa; inachambua, inapima, inahifadhi, halafu inagawa kwa vituo. Vituo ndiyo makanisa, misikiti, shule, zahanati, nyumba za wazee, vikundi vya mtaa. Ukimwona mtu anakabidhiwa kapu mlangoni, hapo umekiona kituo. Benki iko nyuma yake, pengine kilomita mia moja. Watu wa kituo ndio wanaomjua mtu kwa jina, wanajua nani amefiwa na nani kaachishwa kazi. Sisi tunajua tani na tarehe. Kila upande unamtegemea mwenzake, na ghala moja linaweza kuhudumia mamia ya vituo.

Wazo lenyewe halina umri mkubwa. Lilianzia Phoenix, Arizona, huko Marekani, mwaka 1967. John van Hengel alikuwa anajitolea kwenye jiko la kulisha maskini, akakutana na mama mwenye watoto kumi ambaye alikuwa akiwalisha kwa vitu alivyookota kwenye mapipa ya taka nyuma ya maduka. Mama huyo akamwambia ingefaa pawe na mahali kama benki, mwenye ziada anaweka, mwenye shida anachukua. Van Hengel akaenda kwa kanisa la St. Mary's, akapewa jengo kuukuu, kazi ikaanza. Ulaya ilifuata mwaka 1984, Paris. Kila tukipokea watu wapya wa kujitolea huwa nawasimulia habari hii, wajue kwamba wazo la kazi yetu lilitoka kwa mtu aliyekuwa na njaa.

Sasa jambo lenyewe. Mgeni akiingia ghalani akakuta rafu zimejaa hadi darini, husema, "Hongereni, mna akiba kubwa." Sisi tulio ndani tukiona hivyo, roho zinatwenda mbio. Ghala likijaa, kuna kitu kimekwama: gari, jokofu, karatasi, kituo, au mtu. Chakula kikiwa rafuni hakijamshibisha yeyote, na tarehe yake inazidi kusogea. Kwa hiyo mimi siku hizi sihesabu tulichopokea. Naangalia kimefika lini na kimetoka lini.

Niwape mfano. Siku moja, saa tisa alasiri, tulipigiwa simu na kiwanda cha maziwa. Wana paleti 22 (yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo) za mtindi, jina la ladha limekosewa kwenye lebo, mtindi wenyewe mzima kabisa, zimebaki siku tisa kabla ya tarehe. Tunautaka? Ukichelewa kujibu unakwenda kumwagwa. Chumba chetu cha baridi kilikuwa na nafasi ya paleti nane tu. Maana yake zile 14 zilitakiwa zishuke kwenye lori moja na kupanda jingine jioni ileile, bila kukaa sakafuni. Nilikaa kwenye simu hadi usiku. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo wateja wakubwa wa mtindi hawakuwepo. Mama mmoja wa kituo cha mtaa akaniambia, "Niletee paleti mbili, baba, watu wangu wana shida." Nikamuuliza jokofu lake lina ukubwa gani. Akanyamaza kidogo, akasema, "Ni hili la nyumbani." Nikamwandikia katoni kumi na mbili. Iliniuma kumpunguzia, lakini mtindi ulioharibika mikononi mwake ungemuumiza zaidi, yeye na watu wake. Siku ya tatu paleti ya mwisho ilitoka.

Na nimeshawahi kushindwa. Mwaka wangu wa pili nilipeleka mboga za majani Ijumaa jioni kwenye kituo kilichoniambia kina chumba cha baridi. Kweli kilikuwa nacho. Sikuuliza kama kinafanya kazi. Jumatatu tulipofungua mlango, harufu ilitupokea kabla hatujaona kitu. Mboga zote zilikuwa zimegeuka uji mweusi ndani ya maboksi, na nje palikuwa na foleni ya watu waliokuwa wameambiwa waje siku hiyo. Kosa lilikuwa langu. Tangu hapo siulizi "mna jokofu?" Nauliza, "Nenda ukasome kipimajoto sasa hivi, mimi nasubiri kwenye simu." Chakula kibichi kinataka nyuzi 4 au chini yake, kilichogandishwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Kati ya nyuzi 4 na 60 ndipo vijidudu vinazaliana haraka.

Naandika usiku huu kwa sababu nina paleti tatu za samaki waliogandishwa. Walipangiwa vituo vya upande wa mbali wa kanda, kule ambako hatufiki zaidi ya mara moja kwa wiki, na friza kubwa la kituo kikuu cha huko limekufa tangu Jumanne. Wamekaa hapa, na mzigo mwingine unakuja Ijumaa.

Haya, ulizeni. Nitajibu kila nitakapopata nafasi.

#2 KapuTupu

Asante mkuu kwa elimu. Swali langu: kwa nini benki za chakula zinapenda sana kuomba hela? Mimi kila mwezi nakusanya makopo kazini, watu wanaleta kwa furaha. Nikisema tutoe hela, hawaleti. Hela zinawatia watu wasiwasi.

#3 MtuWaGhala

KapuTupu, kwanza asante kwa hayo makopo, na usiache. Kuna wiki rafu ya vyakula vikavu inabaki na makopo hayo tu.

Lakini fuatilia kopo moja. Umelinunua kwa bei ya rejareja. Linafika kwetu kwenye mfuko mchanganyiko pamoja na vitu vingine ishirini vya aina ishirini. Mtu wa kujitolea analichukua mkononi, anasoma tarehe, anapitisha kidole kwenye mshono kuona kama limebonyea. Kubonyea ubavuni kidogo si tatizo. Likibonyea kwenye mshono, au likiwa limevimba, linatupwa papo hapo, kwa sababu ndani ya kopo lililovimba panaweza kuwa na sumu inayopooza mwili na kuua. Halafu linawekwa kwenye boksi la aina yake, linapimwa, linaandikwa. Ni kazi ya mikono mingi kwa kopo moja.

Hela ileile ikinunua kwa jumla, moja kwa moja kutoka kiwandani, inaleta chakula kingi zaidi, cha aina moja, kwenye paleti iliyofungwa, tena cha aina tuliyopungukiwa. Na mara nyingi hatuinunulii hata chakula. Kuna mkulima ana viazi shambani ambavyo soko limevikataa kwa sababu ni vidogo au vimepinda. Anatupa bure. Kinachotuzuia ni mafuta ya lori, magunia na vibarua wa kuvuna. Hapo hela kidogo inatoa tani za chakula ambacho kingelimwa tena kuwa mbolea.

Kuhusu wasiwasi, wana haki ya kuuliza. Waambie waombe hesabu zilizokaguliwa. Benki inayojiheshimu inazitoa bila kuzungushana.

#4 Mzee wa Hoja

Nitasema ukweli wangu hata kama hautawapendeza. Umetaja mwaka 1967. Hesabu ni miaka mingapi hiyo? Njaa imeisha wapi? Mnachofanya ni kuwasaidia wenye viwanda waondoe mizigo yao mibovu bila kulipia dampo, na serikali ipumzike kwa sababu kuna watu wema wanaziba pengo. Mwenye njaa anajengewa mazoea ya foleni. Sina ubaya na wewe binafsi, naona una uchungu na kazi yako. Lakini kichwa cha uzi kingekuwa "kwa nini benki za chakula bado zipo".

#5 MtuWaGhala

Shikamoo mzee. Sitakujibu haraka, maana swali lako ndilo ninalolala nalo.

Unayosema kuhusu mizigo ya viwanda yana ukweli. Kuna benki zilizokuwa zinapokea kila kitu ili takwimu za tani zipande: soda, biskuti, peremende. Tani ni tani kwenye ripoti. Sisi tumeshakataa malori. Ukikataa mara ya kwanza mfadhili ananuna, mara ya pili anauliza mnataka nini, na hapo mazungumzo ya maana yanaanza. Kama kitu hakifai kuliwa, gharama ya kukitupa ni ya mwenye nacho.

Kuhusu njaa kutokuisha: umesema kweli, na chanzo chake si uhaba wa chakula. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 watu kati ya milioni 713 na 757 duniani walikuwa na njaa. Mwaka mmoja kabla yake, 2022, tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa majumbani, madukani na migahawani, yakiwemo maganda na mifupa. Ni karibu sehemu moja kati ya tano ya chakula kilichowafikia walaji. Asilimia 60 ya hizo zilitupwa majumbani mwetu, mahali ambapo lori langu haliwezi kufika. Kwa hiyo hata tungeokoa kila katoni ya kila kiwanda, mtu ambaye mshahara wake unaisha tarehe 18 bado ataishiwa tarehe 18 mwezi ujao. Anakosa kipato. Sisi tunampa siku kadhaa za kupumua.

Mtandao mkubwa wa benki za chakula Marekani wenyewe unasema wazi kwamba kwa kila mlo mmoja unaotoka kwao, mpango wa serikali wa kuwapa maskini fedha za chakula unatoa tisa. Moja kwa tisa, mzee. Mtu wa benki ya chakula anayejua hesabu hiyo hawezi kusema serikali ipumzike. Ndiyo maana kwenye vituo vyetu kuna meza moja isiyo na chakula. Pale anakaa mtu anayejua fomu: nani anastahili ruzuku, nani ana mtoto anayestahili mlo wa shule, nani amefutwa kwenye orodha kimakosa. Mtu akisaidiwa pale akaacha kuja kwetu, tunasherehekea.

Lakini hapo kwenye "mazoea ya foleni", mzee wangu, sikubaliani nawe. Nimesimama kwenye hizo foleni nikigawa. Hakuna anayesimama juani kwa muda wa saa tatu kwa mazoea.

#6 MamaWatatu

Sijawahi kuandika humu, huwa nasoma tu. Naomba niongezee kwa sababu mimi nimesimama kwenye hiyo foleni, kwa miezi saba.

Mara ya kwanza nilifika nikapita mlangoni, nikaenda hadi kona, nikarudi nyumbani. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu ilikuwa mvua na nilikuwa na mwanangu wa mwisho mgongoni, nikaingia. Niliulizwa maswali mengi mbele ya watu: mume yuko wapi, kwa nini hufanyi kazi, una ushahidi gani. Nikapewa boksi lililofungwa tayari. Nilishukuru, na hadi leo nashukuru. Nilipofika nyumbani nikakuta maharage makavu kilo tatu, na wakati huo sikuwa na nishati ya kupikia zaidi ya kuchemsha maji. Maharage yanataka saa mbili motoni. Kulikuwa na siagi ya karanga pia, na mwanangu wa kati karanga zikimgusa koo linavimba. Niliyabeba yale maharage nikayarudisha. Dada mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe wanachagua!" Nilisikia hadi kwenye mifupa.

Baadaye nilihamia mtaa mwingine. Kituo cha kule kilikuwa na rafu kama duka. Unapewa kikapu, unatembea, kila rafu imeandikwa chukua viwili, chukua vitatu, kulingana na idadi ya watu nyumbani. Mtu wa pale aliniuliza swali moja tu: "Nyumbani mko wangapi?" Nikachukua shayiri ya kuiva haraka, samaki wa kopo, matunda, maziwa. Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka minane. Akaniuliza kwa kunong'ona kama tutalipa. Nikamwambia tumeshalipiwa. Akachagua tufaha moja, akaligeuza, akalirudisha, akachukua jingine lisilo na doa. Nilimwacha achague. Kila nikikumbuka ile miezi, nakumbuka mkono wake ukirudisha lile tufaha.

Mzee wa Hoja, sikuzoea foleni. Nilipata kazi nikaacha kwenda. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

#7 Mzee wa Hoja

Mama, nimesoma mara mbili. Niwie radhi kwa neno la mazoea. Nalifuta. Hoja yangu kuhusu serikali na viwanda naiacha ilivyo.

#8 MtuWaGhala

Mama Watatu, ahsante kwa kufungua kinywa. Pole kwa yale maswali ya mlangoni.

Hicho ulichokieleza ndicho tulichohangaika nacho miaka mitatu kuvishawishi vituo vyetu vibadilike. Wengi walikuwa wanaogopa kwamba watu wakiruhusiwa kuchagua watakomba vitu vizuri vyote. Kituo cha kwanza kilipojaribu, tulichokiona ni vitu kuacha kutelekezwa. Zamani ukizunguka nyuma ya jengo baada ya mgao, ulikuta maharage na makopo yameachwa kwenye ukuta, si kwa dharau, ni watu wasio na jiko, wasio na kifungulia kopo, wenye kisukari, wenye meno mabovu. Siku hizi tunafungasha pia maboksi ya mtu asiye na jiko, kila kilichomo kinaliwa bila moto, na makopo yake ni yale ya kuvuta kwa kidole.

#9 Kaunta Namba 4

Mkuu mimi ni msimamizi wa zamu kwenye duka kubwa, silitaji. Kila usiku tunatupa mikate, mboga, vitu vya jokofu. Roho inaniuma. Nikiuliza wakubwa wanasema, "Mtu akiumwa tumbo atatushtaki." Hili lina jibu?

#10 MtuWaGhala

Lina jibu, na limeandikwa kwenye sheria za nchi kadhaa. Marekani walipitisha sheria mwaka 1996, imepewa jina la mbunge Bill Emerson, inayomlinda mtoaji wa chakula kwa nia njema dhidi ya kushtakiwa, isipokuwa akifanya uzembe mkubwa au kwa makusudi. Ufaransa walikwenda mbali zaidi mwaka 2016: duka lenye ukubwa wa zaidi ya mita za mraba 400 linatakiwa liwe na makubaliano na vikundi vya msaada vya kupokea chakula ambacho halijauza, na limekatazwa kukiharibu kwa makusudi chakula kinacholika. Kuna maduka yalikuwa yanamwagia dawa ya madoa kwenye mapipa ili watu wasiokote.

Angalia sheria ya mahali ulipo inasemaje, kisha nenda kwa wakubwa wako ukiwa na mpango. Usiende na huruma peke yake. Wakubwa huogopa vurugu kuliko kesi. Waambie: kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa moja asubuhi, gari la jokofu linakuja mlango wa nyuma, dereva ana kipimajoto na karatasi ya kusaini, vitu vimewekwa pembeni tangu usiku kwenye jokofu lenu. Dakika kumi na tano ameondoka. Na gari liwe linafika kweli. Likikosekana mara mbili, vijana wa zamu wanarudia pipa, na huwezi kuwalaumu.

#11 Swali Fupi

Tarehe ikipita kitu si kimeharibika?

#12 MtuWaGhala

Inategemea imeandikwa nini. "Tumia kabla ya" ni usalama: nyama, samaki, maziwa mabichi. Ikipita, hakitoki ghalani. "Bora kabla ya" ni ubora: mchele, tambi, makopo. Ikipita, kinaweza kupungua ladha lakini kinalika muda mrefu. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga hatuyatoi yakipita tarehe hata kwa siku moja.

#13 Mchumi Mtarajiwa

Nimevutiwa na upande wa kupanga. Mkiwa na benki nyingi za kanda nchi nzima na mfadhili mmoja ana malori hamsini, nani anapata nini? Mnagawana sawa kwa sawa?

#14 MtuWaGhala

Swali zuri, na kuna kisa kinachonifurahisha kila nikikieleza.

Mtandao wa kitaifa wa Marekani zamani uligawa kutoka makao makuu kwa foleni: zamu yako ikifika unapewa lori lililopo, likufae lisikufae. Benki ya Idaho, jimbo maarufu kwa viazi, ilikuwa inaweza kuitiwa lori la viazi. Wanaogawa walikuwa na nia njema, ila hawakuwa wanaona rafu za kila ghala.

Mwaka 2005 walibadilisha. Waliwaita wachumi wa Chuo Kikuu cha Chicago, akiwemo Canice Prendergast, wakakaa na wakurugenzi wa benki za chakula wakabuni mnada. Hela za kweli hazitumiki. Kila benki inapewa hisa za kuchezea zabuni, yaani pointi tu za mnadani, na benki yenye watu wengi maskini inapewa nyingi zaidi. Malori yanatangazwa, unaweka hisa zako kwa kile unachokihitaji. Hisa zilizotumika leo zinagawiwa upya kwa wote usiku, kwa hiyo ukinunua sana leo, wenzako wanapata nguvu kesho. Ilionekana mara moja nini kina thamani: nafaka za kifungua kinywa zilipanda sana, mboga na matunda yakawa karibu bure kwa sababu ni mengi na yanaoza haraka. Kuna mizigo iliyokwenda kwa bei hasi, yaani anayekubali kuichukua ndiye anayeongezewa hisa.

Mwanzoni wengi waliogopa kwamba soko litawaumiza wadogo. Walipewa njia za kujilinda: wadogo waliruhusiwa kuungana kwenye zabuni na kukopa hisa. Kila benki ilijua yenyewe rafu zake zimepungukiwa nini. Makao makuu yasingejua hilo.

Kwetu sisi hatuna mnada, ni kanda moja. Ila nimeiga kitu kimoja: kila Jumatatu naviuliza vituo vinataka nini kabla sijaviambia nina nini. Majibu hunishangaza. Kuna mwezi kituo cha wazee kilikataa nyama kikaomba sabuni.

#15 FundiBaridi

Mkuu MtuWaGhala, nimesoma uzi wote tangu jana na hakuna aliyekuuliza kuhusu lile friza. Mimi ni fundi wa majokofu, miaka kumi na minne. Limekufaje? Linawaka taa? Kompresa, ile mota ya friza, inanguruma au kimya? Kuna barafu nene ndani?

#16 MtuWaGhala

Ndugu yangu, nimewapigia sasa hivi. Taa inawaka. Kompresa inajaribu kuwaka, inanguruma kidogo kama sekunde tano, inakata. Inarudia hivyo kila baada ya dakika chache. Barafu hakuna, limeshayeyuka. Fundi wa kwanza alisema kompresa imekufa, ibadilishwe, na hela hiyo kituo hakina.

#17 FundiBaridi

Inaweza kuwa kompresa, lakini dalili hiyo mara nyingi ni kapasita au rilei ya kuwashia. Ni kifaa kidogo kama kiberiti. Waambie walizime kabisa, wasiendelee kuliwasha, wataichoma kompresa yenyewe. Wasafishe na vumbi kwenye nyavu za nyuma. Nitumie ujumbe wa faragha niambie ni wapi. Kesho nina nafasi baada ya saa nane.

#18 KapuTupu

Wakati mnasubiri: nimeongea na wenzangu kazini leo. Mwezi huu tumekubaliana kuchanga hela badala ya makopo. Nimewaeleza kuhusu viazi vya yule mkulima. Mmoja ameuliza kama anaweza kwenda kuvuna mwenyewe.

#19 MtuWaGhala

Mwambie aje na viatu vya shamba. Uvunaji ni Jumamosi ijayo, tunaanza saa kumi na mbili asubuhi, tunamaliza jua likiwa kali. Anayeweza kubeba gunia abebe, asiyeweza anachambua vilivyokatwa na jembe visichanganyike na vizima, maana kimoja kikioza gunia zima linakwenda.

#20 FundiBaridi

Nimetoka huko sasa hivi. Ilikuwa kapasita. Nimeweka mpya, nimebadilisha na mpira wa mlango uliokuwa umechanika upande wa chini, ndiyo uliokuwa unaichosha kompresa. Nimewaonyesha namna ya kujaribu mpira kwa karatasi: ukiifungia mlangoni ikavutika bila kushika, mpira umekwisha. Lilipofika saa mbili usiku lilikuwa linasoma nyuzi 9 chini ya sifuri na linashuka. Msiweke samaki kabla ya asubuhi.

#21 MtuWaGhala

Nimempigia mama wa kituo saa kumi na moja alfajiri, nikamwambia aende akasome nikiwa kwenye simu. Nikasikia kandambili zake kwenye sakafu, mlango ukifunguka, kimya kidogo. "Kumi na nane," akasema. "Kumi na nane kamili, baba, chini ya sifuri."

Lori limetoka getini saa kumi na mbili kasorobo na paleti zote tatu.